Mwisho wa Mfereji

Nilikulia Bangalala, wilayani Same, katika zamu za maji ya ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe: maji ya mfereji hukusanywa humo usiku kucha, asubuhi hufunguliwa, na mwenye zamu huyapeleka shambani. Baba alijua maji yametosha kwa kuchimbua udongo kwa jembe na kuufinya kiganjani. Ukishikamana, aliziba. Alipima pale maji yanapoingilia shambani, maana ndipo aliposimama kuyaelekeza. Wote walipima hapo, na wenye mashamba ya mwisho wa mfereji walipolalamika, waliambiwa kwamba maji yamepita.

Bibi alikuwa na kipimo kingine. Tulikuwa na shamba bondeni, upande wa Makanya, ambako kiangazi hutokeza unga mweupe juu ya matuta: magadi. Hakuwa na chombo chochote ila alijua ni wapi asipande maharage, hata kama mahindi yanastawi hapo. Baadaye, nikisomea kilimo, nilikuta jambo hilohilo katika majedwali ya Shirika la Chakula na Kilimo: mavuno ya maharage huanza kupungua chumvi ya udongo ikizidi desisimensi 1 kwa mita, ya mahindi ikizidi 1.7. Nilifurahi kama niliyekuta jina la bibi limechapishwa.

Vipimo vyenyewe vilinivutia kupitia habari za skimu ya Kiwere, Iringa, ambako mradi ulioanza 2013 uliwapa wakulima kifaa kilichobuniwa na Richard Stirzaker wa CSIRO, Australia. Sensa huzikwa katika kina tofauti, na kisomeo huonyesha buluu udongo ukiwa na maji tele, kijani yakiwa ya wastani, nyekundu ukikauka. Walikuwa pia na faneli ya kufukia ardhini, inayoinua alama maji yakiifikia na kubakiza kiasi cha kupima chumvi. Wakulima wa Kiwere waliona buluu chini kabisa, wakaelewa kwamba maji yanapita mizizi na kuondoka na mbolea. Wakapunguza kumwagilia.

Tangu hapo swali langu limekuwa moja: kwenye mfereji wetu, sensa kama hizo tuzike wapi? Kwenye vitunguu, ambavyo mizizi yake haiendi mbali, sensa ya kina kirefu peke yake haisaidii. Ukiiweka katikati ya mfereji wa tuta, itasoma maji siku zote. Nasi huiweka kwenye mstari wa mimea, kando ya mizizi, udongo uleule ukirudishwa na kushindiliwa vizuri, kwa kuwa nafasi ya hewa hupotosha usomaji. Chumvi ni hadithi nyingine. Jua huyavuta maji kupanda kwenye tuta, maji yakapotea hewani, chumvi ikabaki kileleni. Kwa hiyo chumvi tunaipima kileleni na ubavuni, na palipo na umwagiliaji wa matone, ukingoni mwa eneo lililolowa.

Halafu kuna suala la eneo lenyewe. Wakulima wa juu ya mfereji walitaka sensa kwao, kwani ndiko kuliko na mavuno mazuri ya kuonyesha. Nilikataa, na nitaendelea kukataa: shamba lisilo na shida halitufundishi kugawana maji. Seti moja tuliiweka katikati, penye udongo unaofanana na sehemu kubwa ya eneo. Ya pili tuliipeleka mwisho wa mfereji, kwenye vitunguu vya mama mmoja. Sensa za katikati zilisoma kijani, za kwake nyekundu juu, na chumvi ilikuwa imezidi. Mgawa maji alipoona hivyo, hakumwambia tena kwamba maji yamepita.

Sasa kikao cha zamu kina hoja mpya. Watu wa chini wanaomba maji ya ziada ya kuosha chumvi kabla ya kupanda. Wa juu wanasema kwanza uchimbwe mfereji wa kutolea maji, la sivyo yatatuama na chumvi itapanda tena. Kwa hilo wa juu wana haki, na uchimbaji umepangwa kuanza kabla ya masika.