Kupaka Hina, Kupaka Matope

Leo tuzungumzie neno dogo tunalolitumia kutwa bila kulifikiria: kupaka.

Sisi ni wanawake sita tunaoshona magauni ya harusi na mabuibui hapa Mwanza, upande wa Kirumba, na kwenye chumba chetu cha cherehani neno hilo halikauki. Bibi harusi anapakwa hina na wanja. Mtoto anapakwa mafuta. Mgeni wa pwani akija, tunamwandalia sato wa kuchoma aliyepakwa tui zito la nazi. Hata mkoa wetu unapakana na Geita, Simiyu, Shinyanga na Mara. Waingereza nao wana neno lao, smear, lenye maana nyingi vilevile: kueneza kitu juu ya kitu, kutia doa, kumchafulia mtu jina, na kipimo kimoja cha hospitali tutakachokifikia.

Tuanze na hina, maana ndiyo maharusi mnayotuuliza zaidi. Hina halisi ya majani haitoi weusi saa ileile. Ikibanduka huacha rangi ya chungwa, kisha hukolea kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo ipakwe mapema, si asubuhi ya nikaha. Ile nyeusi ya haraka mara nyingi imechanganywa na dawa ya kutia rangi nywele, na kemikali yake inaweza kuunguza ngozi, kutoa malengelenge na kuacha kovu. Na kwa wanaouliza kuhusu udhu: hina ikishaoshwa hubaki rangi tu, maji yanafika kwenye ngozi. Rangi ya kucha ya kawaida ni tabaka linalozuia maji, ndiyo maana huondolewa kwanza.

Hina ikidondokea shela, usisugue. Ikwangue taratibu kwa ncha ya kijiko, kisha gusagusa kwa kitambaa safi chenye maji baridi, kutoka pembeni kuelekea katikati. Doa la ukubwa wa punje likisuguliwa huwa la kiganja.

Maneno nayo hufanya hivyohivyo. Mtaani tunasema fulani kapakaziwa: kabandikwa jambo asilolifanya. Kwa mwanamke mara nyingi linakuwa la heshima yake. Mchumba anasikia, mawifi wanasikia, na posa inarudi. Dini yetu haikulichukulia hili kuwa dogo. Katika Surat An-Nur, anayemtuhumu mwanamke mwema uzinifu bila kuleta mashahidi wanne amewekewa adhabu ya viboko 80, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Mama yetu Aisha, Allah amridhie, naye alizushiwa, mpaka aya zikashuka kumtakasa. Basi mwenye kutoa habari ya mwenzake saluni ajiulize: mashahidi wake wako wapi?

Tunalisema hili kwa sababu tumeona linavyoua. Mteja wetu mmoja, mama wa makamo, alikuja kushonesha gauni la ndoa ya bintiye. Kila akija kujaribisha nguo yake mwenyewe, tulikuwa tunapunguza kiuno. Siku ya tatu tukafunga mlango, tukamuuliza. Alikuwa akitokwa damu miezi kadhaa, na hedhi yake ilikwisha zamani. Kwa nini hakwenda hospitali? Alisema, "Wanangu, wakiniona kwenye mlango ule watasema nilikuwa natembea." Alipopimwa, saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshasambaa. Bintiye aliolewa. Yeye hakuuona mwaka uliofuata. Allah amrehemu.

Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Karibu yote hutokana na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na vimeenea mno duniani. Mke aliyemjua mumewe peke yake anaweza kuvipata. Kwa hiyo ugonjwa huu si ushahidi wa tabia ya mtu. Huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10, kabla ya kuwa saratani, na ndani ya miaka hiyo unaweza kuzuiwa.

Na hapa neno letu linarudi. Daktari George Papanicolaou, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi Marekani, alichapisha na mwenzake mwaka 1943 kitabu kuhusu kipimo kilichobeba jina lake: chembe chache huchukuliwa kwenye shingo ya kizazi, hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi na kuangaliwa kwa darubini. Hapa kwetu vituo vingi hutumia njia nyepesi zaidi. Mhudumu anapaka asidi ya siki iliyozimuliwa, anasubiri kama dakika moja, na sehemu yenye mabadiliko inakuwa nyeupe. Ikionekana mapema, mara nyingi hutibiwa palepale kabla haijawa saratani. Ni kazi ya dakika chache.

Wanaohimizwa hasa ni wanawake wa miaka 30 hadi 50. Wenye VVU huanza mapema na kurudia mara nyingi zaidi. Nenda ukiwa umetoharika na hedhi, na una haki ya kuomba uhudumiwe na mwanamke. Bibi harusi ambaye hajaguswa hahitaji kipimo hiki bado. Lakini kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, hakungoji umri wowote. Kwa Kanda ya Ziwa, hospitali ya rufaa ya Bugando ina huduma za saratani. Kwa mabinti, chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, na mwaka 2024 ilitolewa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja.

Baada ya msiba ule tuliweka utaratibu. Walio na umri huo kati yetu huenda pamoja, mchana kweupe, na mabuibui tuliyoshona wenyewe. Anayetaka kusema aseme tuko sita. Wateja wawili walitufuata mara ya kwanza, mara ya pili walikuja watano, mmoja akiwa na mkwewe.

Mama wa bibi harusi, unapopanga siku ya hina, panga na siku yako ya kipimo. Ukikosa wa kukusindikiza, pita kwetu.