Nampeleka Mpwa Wangu Singida

Tanga ukimwambia mtu unakwenda Singida, anakuuliza una msiba gani huko. Sikuwa na msiba. Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata nafasi ya cheti cha uhasibu kwenye kampasi ya Singida ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, ile TIA, na mama yake alishasema binti haendi mji asioujua bila mjomba. Basi alfajiri ya Oktoba tukapanda basi stendi ya Kange, tukiwa na begi, ndoo na godoro lililofungwa kamba, ambalo kondakta alilitoza nauli kana kwamba nalo ni abiria.

Tulilala Dodoma. Kesho yake ndipo nilipoanza kukodoa macho. Baada ya Bahi nchi ni tambarare, unaona mbali mpaka unachoka kuona. Halafu ukishapita Kintinku barabara inaanza kuukwea ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Sisi wa pwani tumezoea kwamba ukipanda mlima, utateremka. Huku tulipanda, na juu tukakuta nchi nyingine tambarare inayoendelea. Wauza asali wakalizingira basi. Mbele, kandokando ya lami, chupa za mafuta ya alizeti zimepangwa mezani, za dhahabu kabisa juani, na matenga ya kuku wa kienyeji. Hata minazi miwili ya kupoza macho hakuna.

Halafu mawe! Singida mjini mawe makubwa ya mviringo yamepandana kama vitumbua kwenye sahani, na watu wamejenga nyumba katikati yake bila wasiwasi wowote. Ziwa Singidani lina maji ya magadi, na kule kwenye kina kifupi heroe wamesimama kwa mguu mmoja. Upepo nao haupumziki. Usiku nilivaa koti, mwezi wa kumi, jambo ambalo Tanga lingenipeleka hospitali kupimwa malaria. Mgahawani niliuliza wali wa nazi. Dada mhudumu akacheka kwa adabu na kuniletea ugali wa uwele, mlenda na kuku. Mlenda ulinishinda kuushika. Kuku sikumwachia mtu.

Usajili ulituchukua siku nzima, na sehemu kubwa ya siku hiyo ilipita kwenye steshenari moja ya nje, tukisubiri kontrol namba na kutoa kopi za vyeti. Foleni ile ndiyo iliyonipa mazungumzo niliyoyafuata bila kujua. Nilikuwa na swali langu. Nimesoma kwamba Marekani vyuo vya jamii hutoa shahada ya miaka miwili, na Uingereza tangu mwaka 2001 nao wana shahada fupi ya aina yao, inayosomwa bega kwa bega na kazi. Kwetu njia ya mpwa wangu ni ndefu: cheti mwaka mmoja, diploma miwili, digrii mitatu. Jumla sita. Nikawauliza vijana pale kwenye foleni: ingekuwapo shahada ya miaka miwili, ya kuingia nayo kazini moja kwa moja, mngeichukua?

Nilidhani wataishangilia. Vijana wa leo, nilijisemea, wana haraka. Hata chai hawaisubiri ipoe.

“Shikamoo mzee,” alianza mmoja aliyekuwa akisoma diploma, “lakini hiyo hapana.” Akachukua karatasi iliyoharibiwa na mashine ya kopi, akaigeuza, akaandika herufi tatu, moja juu ya nyingine: B, C, D. Mama yake ni mwalimu. Mwalimu wa cheti huanzia ngazi ya mshahara ya TGTS B, wa diploma C, wa digrii D. Akanisogezea kalamu. “Sasa hiyo shahada yako fupi iweke hapa.” Niliitazama karatasi. Kati ya C na D hapakuwa na nafasi hata ya nukta.

Wengine wakamsaidia. Binti mmoja alisema baba yake alisoma Stashahada ya Juu ya Uhasibu zamani, miaka mitatu kamili, kabla vyuo vyetu vya uhasibu havijaibadilisha kuwa shahada. Mpaka leo akisoma tangazo la kazi, jicho lake linakwenda kwanza kutafuta kama wameandika “shahada au stashahada ya juu”, maana lile neno “au” ndilo riziki yake. Msichana mwingine alikuwa na hesabu ya mkopo. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa diploma mwaka wa masomo 2023/2024, ikitanguliza fani kama afya, ualimu, madini na kilimo; yeye wa uhasibu anaingoja digrii ndipo aombe. Kwao wote diploma ni kituo cha basi. Wanashuka kujinyoosha, wakiwa na jicho kwenye GPA ya 3.0 inayotakiwa ili wapande basi la pili.

Nikaona wana haki, na swali langu karibu nilikunje nilirudishe mfukoni. Lakini nyuma yetu alisimama mama mmoja wa makamo, kanga begani, mkononi bahasha yenye doa la mafuta. Naye ni mwanafunzi. Anaandika hesabu kwenye kiwanda cha kukamua alizeti.

“Kaka, hao wanaisubiri serikali,” alisema. “Mimi tajiri wangu hajui TGTS ni nini. Anachouliza ni kama ritani za TRA zimekwenda, mashine ya EFD inatoa risiti, na mashudu yaliyouzwa jana yameandikwa wapi.” Ameshaanza mitihani ya ATEC, ile ya mafundi uhasibu ya bodi ya NBAA. Digrii anaitaka, ila miaka mitatu ya mchana hana. Ana watoto, na msimu ukifika kiwanda kinakesha. “Wakiileta ya miaka miwili, kesho naandika jina. Mradi nikitaka kuendelea wasiniambie nianze upya.”

Kijana wa herufi akamuuliza, kwa heshima, kama hatajuta siku akitaka kazi serikalini. Mama akamjibu kwamba ana miaka arobaini na miwili. Foleni nzima ikacheka, naye akacheka nao.

Kwa hiyo wenye haraka ni wazee, na vijana ndio wenye subira. Kama kuna siku mtu ataileta shahada hiyo fupi kwetu, namshauri asiende kuwauliza waliotoka shuleni juzi. Aende viwandani, madukani na kwenye zahanati jioni, awaulize ambao tayari wanaifanya kazi ambayo cheti chake hawana.

Mpwa wangu muda wote alikuwa kimya, kaushikilia ule mfuko wa vyeti. Kontrol namba ilipotoka, nikageuka kumwita. Hayupo. Alikuwa pembeni na yule mama, anamuuliza kama kiwandani huwa wanapokea wanafunzi wa fildi.

“Njoo mwezi wa sita,” mama alimwambia, “alizeti ikivunwa. Lakini uje na viatu vya kufunika, sakafu ile inateleza.”