Wageni wa Saa Chache

Mwezi wa Machi chama chetu cha Kiswahili kilifunga safari kutoka Kitengela hadi Mombasa. Sisi watoto wa nyanda za Kajiado tumezoea upepo wa vumbi. Wa Mombasa una chumvi, tena una jina: kaskazi. Ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Mabaharia wakishafika, iliwabidi wangoje miezi mpaka upepo wa kusi uwarudishe kwao. Katika kungoja huko waliuza, walioa, wakajifunza lugha. Basi, ndugu msomaji, Mji wa Kale ni kazi ya wenyeji pamoja na wageni waliokubali kukaa.

Siku hiyo meli kubwa ya watalii ilikuwa imetia nanga Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Abiria waliletwa Fort Jesus kwa mabasi, wakapewa saa tatu tu. Tukajikuta nyuma yao. Aliyewatembeza alikuwa hodari, maanake karne nne alizimaliza mbio mbio: Wareno walianza kujenga 1593, Waomani wakaizingira 1696 na kuitwaa 1698, Waingereza wakaigeuza jela 1895. Picha, picha, twende! Mwenzetu mmoja akamwuliza, "Na Muyaka je?"

Akacheka. "Hawa hawana saa ya mashairi."

Jibu hilo lilinikera. Muyaka bin Haji aliishi mji huu huu hadi alipofariki 1840. Wamazrui walipogombania Mombasa na Seyyid Said wa Oman, tungo zake zilikuwa silaha. Sasa umtaje aliyejenga ukuta, umwache aliyeipamba lugha? Mimi naona si haki.

Tuliteremka hadi karibu na Bandari ya Kale. Mzee mmoja alikuwa barazani anakunywa kahawa. Tulipomwamkia, aliitika marahaba, akasema, "Ndooni mketi." Mwenzangu akaanza kutafuta ndoo! Kumbe kwa Kimvita ndiyo njooni.

"Mwatoka wapi, wanangu?"

"Kajiado, mzee."

"Kajiado ya magadi?"

Alikuwa amefanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi, akipakia melini magadi yaliyoletwa kwa gari la moshi kutoka Ziwa Magadi, kupitia Kajiado na Konza. Hajawahi kufika kwetu, lakini mgongo wake unatujua.

Nikamwuliza kuhusu Muyaka. Aliweka kikombe chini, akafumba macho, akaanza kughani. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Maneno mengine sikuyaelewa, ila vina nilivisikia vikigonga mahali pake, si kama tunavyovihesabu kwa vidole darasani.

Mwalimu akatazama saa. Kwa mbali honi ya meli ikalia, na basi letu nalo lilikuwa likingurumia barabarani.

"Mwenda wapi?" mzee akauliza. "Kahawa bado ina moto."