Mvuvi wa Nyumba ya Mungu

Baba mdogo alikuwa Mpare wa milimani aliyeishi kwa samaki. Hilo liliwashangaza watu wa kwetu, maana ukoo wetu ulijua migomba, maharage na mifereji. Samaki tulimnunua gulioni Same, akiwa amebanikwa hadi kuwa mweusi, amepangwa kwenye kapu na mchuuzi aliyetoka tambarare. Baba mdogo alishuka huko akiwa kijana, bwawa la Nyumba ya Mungu lilipokuwa jipya, na hakurudi tena kushika jembe. Alizeekea kando ya maji hayo. Nimefahamiana na watu wengi wanaosema juu ya kutunza mazingira, lakini sijamwona aliyewatetea samaki kama mtu huyu aliyekula na kusomesha watoto kwa kuwavua.

Bwawa lenyewe liko magharibi ya Milima ya Upare, mahali Mto Kikuletwa, unaokusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, unapokutana na Mto Ruvu utokao Ziwa Jipe. Ukuta ulijengwa katikati ya miaka ya 1960 ili kudhibiti maji ya Mto Pangani kwa ajili ya umeme na kilimo cha umwagiliaji, na mwaka 1968 mtambo wa megawati 8 ukaanza kazi hapo hapo. Samaki walikuja kama neema ya ziada. Maji yalipofunika mbuga, majani yaliyooza na samadi ya mifugo vilirutubisha kila kitu, na perege wakaongezeka ajabu. Mwaka 1970 pekee zilivuliwa zaidi ya tani 25,000. Wavuvi walifika kutoka mbali, wakiwamo Wajaluo wenye ujuzi wa Ziwa Viktoria, na kambi zikachipuka Lang'ata, Kiti cha Mungu na kwingineko.

Baba mdogo alifundishwa kazi na mzee mmoja Mjaluo. Kwake alijifunza kupiga kasia bila kelele, kushona wavu uliochanika, kutega jioni na kutegua alfajiri kabla jua halijaharibu samaki. Alipenda kusimulia miaka ile. Mtumbwi ulirudi umezama hadi karibu na ukingo, majiko ya kubanikia yaliwaka usiku kucha, na magari kutoka Moshi yalisubiri kwa foleni ufukweni. "Hakuna aliyeuliza kesho," alikuwa akiniambia. "Tulidhani bwawa linazaa lenyewe tu, kama mvua."

Miaka michache baadaye mavuno yaliporomoka. Sehemu ya sababu ilikuwa ya kawaida, kwani bwawa jipya hutoa rutuba yake ya mwanzo kwa wingi kisha hutulia. Lakini nyavu nazo zilikuwa nyingi mno. Kambi zikaanza kupungua watu, na bwawa la Mtera lilipokuja baadaye, wengi walifunga virago wakaelekea huko. Baba mdogo alibaki. Alisema mvuvi anayehama kila maji yanapokwisha atafika siku moja asiwe na pa kuhamia, na kwamba yeye angependa kujua kama maji yaliyochoka yanaweza kupona.

Hapo ndipo alipoanza kuwatazama samaki kwa jicho jingine. Alinionyesha viota vya perege kwenye mchanga wa maji mafupi: mashimo ya mviringo, kila moja limechimbwa na dume mmoja anayelilinda kwa ukali. Jike huja, hutaga, kisha huyachukua mayai yote kinywani na kwenda nayo. Huko kinywani huanguliwa, na hata vifaranga vikianza kuogelea hukimbilia humo humo vikiona hatari. Kwa siku zote hizo mama hali kitu cha maana. Baba mdogo akitegua wavu alfajiri na kukuta jike mwenye kinywa kilichojaa, alimrudisha majini haraka, hata kama kapu la siku hiyo lilikuwa tupu.

Kwa sababu hiyo alilichukia kokoro. Kokoro ni wavu unaoburutwa chini kuelekea ufukweni, na likipita kwenye maji mafupi hufuta viota, huzoa wachanga na wazazi, huacha matope. Chandarua aliona ni kibaya zaidi. Yeye mwenyewe hakutega wavu wa macho chini ya inchi 3, na katika miezi ya kuzaliana alihamia kina kirefu, akawaachia perege ukingo wote.

Aliyoyajua milimani ndiyo yaliyompa maneno ya kuwaambia wenzake. Kwetu Upareni kuna ndiva, yale mabwawa madogo ya mababu yanayozibwa jioni ili maji ya mfereji yakusanyike usiku, yafunguliwe asubuhi kwa zamu. Kwenye mkutano mmoja wa wavuvi, kelele zilipozidi, alisimama akasema: "Ndugu zangu, ndiva ikiachwa wazi usiku na mchana, hata mwenye shamba la kwanza hapati kitu. Anayeiziba jioni hamnyimi mtu. Anamwekea." Vijana wa Kipare waliokuwapo walielewa papo hapo. Wengine walinung'unika kuwa mzee ameshiba, ndiyo maana anafundisha kufunga.

Hakuwa ameshiba. Mke wake alijua siku ambazo ugali uliliwa kwa mchicha wakati jirani wa kokoro anauza beseni kwa beseni. Kuna usiku nyavu zake zilikatwakatwa, na hakuwahi kusema alimshuku nani. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ilipofungua njia kwa vikundi vya wavuvi kusimamia maji yao, vile vinavyoitwa BMU, alijiunga na doria akiwa tayari mtu mzima. Lakini doria ya kuchoma nyavu pekee haikumridhisha. Kijana aliyechomewa kokoro, alisema, kesho atakopa kwa tajiri yule yule anunue jingine. Kwa hiyo aliwaazima vijana nyavu zake za macho makubwa, wakarudisha kwa samaki kidogo kidogo. Baadhi yao mpaka leo wanatega kwa namna yake.

Kuna jambo jingine alilolitambua kabla sijalisoma popote. Perege wa asili wa maji haya, ambaye wanasayansi humwita Oreochromis jipe, alielezwa mwaka 1955 na mtaalamu wa Uingereza, Rosemary Lowe. Sasa amewekwa katika kundi la samaki walio hatarini kabisa kutoweka. Amebanwa na uvuvi, na pia na sato aliyeletwa kutoka kwingine, ambaye hushindana naye na hata kuzaa naye. Baba mdogo alimtambua sato kwa kuangalia mkia wake wenye mistari ya wima, akaniambia: "Huyu ni mgeni. Muuze, umle, lakini usisahau mwenyeji ni nani."

Alifariki kabla ya Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe. Maji ya mradi huo yanachotwa katika bwawa lile lile. Kwa watu wa Same, waliohangaika na madumu kwa miaka mingi, hiyo ni heri kubwa, nami naifurahia. Lakini sasa hatuwezi tena kusema Nyumba ya Mungu ni habari ya wavuvi wa tambarare. Kingo zikilimwa hadi majini, udongo ukijaa, magugu yakienea kama yalivyoenea Ziwa Jipe, hasara itafika mezani kwetu kwa samaki na bombani kwetu kwa maji.

Ninayoyaomba ndiyo aliyoyaomba yeye. Maji ya mazalio yaheshimiwe na wote, wenye mitumbwi na wenye ng'ombe na wenye mashamba. Kijana anayenyang'anywa kokoro apewe mkopo wa wavu halali siku hiyo hiyo. Wavuvi waketi kwenye vikao vinavyopanga matumizi ya bwawa, kwa kuwa wao ndio wanaoliona kila alfajiri. Baba mdogo alithibitisha kwamba mtu anayeishi kwa kuvua anaweza kuacha samaki majini kwa hiari yake. Ilimgharimu sana kwa sababu alifanya hivyo karibu peke yake. Tukigawana gharama hiyo, kila mmoja wetu ataimudu.