Ganzi inaisha saa ngapi?

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili hizi, nilikuwa nauguza. Mdogo wangu, anayeegesha bodaboda yake pale Kiseke PPF, aligongwa na gari akavunjika mifupa yote miwili ya mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kiganja. Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Ila kuna jambo moja nimerudi nalo nyumbani na sitaki nibaki nalo peke yangu.

Siku ya upasuaji hakulazwa usingizi. Saa 4 asubuhi daktari wa usingizi alimchoma sindano ya ganzi juu ya mtulinga, mahali inapopita mishipa ya fahamu itokayo shingoni kwenda mkononi. Baada ya muda mfupi mkono ukawa kama si wake. Wakamwekea vyuma huku yeye akibishana nao habari za Simba na Yanga. Mchana alirudi wodini anacheka, anaulizia wali. Mama akasema, "Kumbe upasuaji wa siku hizi ni mchezo!"

Saa 5 usiku tukajua si mchezo. Ganzi ilikatika na maumivu yakaja yote kwa mpigo. Nilikuwa kwenye benchi nje ya wodi nikamsikia analia, kijana wa miaka 26. Nesi alikuwa mmoja na wagonjwa ni wengi. Dawa za maumivu alizoandikiwa zilikuwa bado dirishani, hatujazichukua, kwa sababu mchana kutwa hakuna aliyelalamika. Hospitali siitaji, maana uzembe huo ulikuwa wetu pia.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza, nikauliza: hakuna namna ya kuifanya ganzi ifike asubuhi? Ipo, na wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1884 Carl Koller, daktari wa Vienna, alionyesha kuwa jicho linaweza kutiwa ganzi kwa kokeini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Heinrich Braun akachanganya adrenalini kwenye dawa ya ganzi. Adrenalini hubana mishipa ya damu, hivyo dawa haichukuliwi haraka na damu, inakaa pale pale ilipowekwa. Mwaka 1911 Mjerumani mwingine, Diedrich Kulenkampff, akaeleza sindano hii ya juu ya mtulinga, baada ya kuijaribu kwanza mwilini mwake mwenyewe.

Siku hizi kuna viongezeo vingine. Klonidini huongeza saa chache, lakini inaweza kushusha presha. Deksmedetomidini nayo hurefusha ganzi, ila inaweza kupunguza kasi ya moyo. Halafu ipo deksamethasoni, ile ile iliyovuma mwaka 2020 wakati wa Korona. Si dawa ya kifahari, ni ya zamani na bei yake ni ndogo. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2017, uliokusanya tafiti nyingi za upasuaji wa mkono, ulikuta kwamba ikiwekwa pamoja na ganzi huongeza kama saa 6 na nusu. Na ikipitishwa kwenye mshipa wa damu huongeza karibu muda ule ule, hivyo si lazima iguse neva.

Nikapiga hesabu. Saa 5 usiku, ongeza saa 6 na nusu, unapata saa 11 na nusu alfajiri. Kunakaribia kupambazuka, zamu ya asubuhi iko njiani, na sisi ndugu tunaingia na uji.

Lakini nisiwadanganye. Kiongezeo hakiondoi maumivu, kinasogeza saa ya kufika kwake. Mifupa iliyofungwa vyuma itauma tu. Tena mkono wenye ganzi unahitaji kulindwa. Unaweza kuulalia au kuumwagia chai ya moto usijue. Ukivimba ndani ya bandeji iliyobana, yale maumivu ambayo yangekupigia kelele yamenyamazishwa. Na deksamethasoni hupandisha sukari mwilini, kwa hiyo mwenye kisukari lazima aseme mapema. Ndiyo maana uamuzi wa kuongeza au kutoongeza ni wa mtaalamu, si wa ndugu aliyesoma usiku mmoja kama mimi.

Letu sisi ndugu ni kuuliza. Ganzi hii itaisha saa ngapi? Ameongezewa kitu cha kuirefusha? Dawa ya maumivu aanze kumeza saa ngapi, kabla haijaisha? Hili la mwisho ndilo lililotugharimu. Vidonge vingekuwa vimeshaanza kufanya kazi wakati ganzi inaondoka, nadhani kile kilio nisingekisikia. Na havikuhitaji mtambo wala fedha za wafadhili, vilihitaji mtu mmoja wa kutembea hadi dirishani jioni.

Nilimwambia mdogo wangu haya yote juzi, tumekaa barazani hapa Kiseke, mkono wake ukiwa umening'inia kwenye kitambaa. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Kaka, sasa mbona hukuuliza siku ile?"

Sikuwa na jibu. Wewe mwenye mgonjwa kesho, uliza.