Ndani ya chupa ya alovera mna nini?

Wamama wenzetu, sisi walimu tunasikia neno hili kwa wazazi wengi: "Alovera inaongeza damu, ina madini yote." Basi mama anatoa franka za chakula kununua chupa. Tuangalie kwanza kilichomo.

Ukipasua jani la alovera unakuta sehemu tatu: ganda la kijani, utomvu wa manjano chini ya ganda, na ute mweupe katikati.

Katika gramu 100 za ute, karibu gramu 99 ni maji. Ile gramu moja inayobaki inagawanywa na vyote: sukari za namna nyingi, vitamini, na madini kama kalsiamu, potasiamu, magnesiamu na zinki. Madini yamo, si uongo, lakini ni kidogo sana. Sahani ya sombe na maharagi, pamoja na sambaza tunazozila na mifupa yake, inampa mtoto madini mengi kuliko vijiko vya chupa ile.

Faida ya ute tunaiona zaidi kwenye ngozi. Una sukari iitwayo asemanani, inayoshika maji, ndiyo maana ngozi kavu inalainika. Mtoto akiungua kidogo, poza kwanza kwa maji safi, kisha unaweza kupaka ute. Kidonda kirefu au kikubwa usikipake kitu, kipeleke kituo cha afya.

Utomvu wa manjano ni jambo lingine. Ndio shubiri, ule uchungu unaotajwa katika misemo yetu. Una aloini, inayoharisha kwa nguvu na kukausha maji ya mwili. Mwaka 2002 Marekani ilikataza dawa za kuharisha za alovera kuuzwa bila cheti cha munganga. Mama mwenye mimba, anayenyonyesha, na watoto wadogo wasiunywe hata kidogo. Ukikata jani nyumbani, lisimamishe utomvu utoke, kisha osha ute vizuri.

Mtoto akiwa na macho meupe na kuchoka ovyo, damu yake ipimwe. Huenda ni malaria au minyoo, na chupa ya alovera haitibu hayo. Tupande alovera uani kwa ngozi, na pesa ya chupa tuipeleke sokoni, kwenye lengalenga na maharagi.