Karakana ya Nuru Mjini Paris

Walimu wenzangu wameniuliza mara nyingi habari za safari yangu ya Ulaya ya mwaka 2019, na hasa kama ni vyema kuwapeleka watoto katika nyumba zile za picha za nuru, ambazo watu huzisifu sana. Nimeona heri niwaeleze kwa maandishi, ili mwenye safari apate faida, na asiye na safari apate kujua.

Nalikuwa mgeni wa kaka yangu akaaye Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Ana watoto wawili, mvulana aliyekuwa na miaka 11 wakati ule, na binti wa miaka 7. Likizo ilipowadia tukapanda garimoshi asubuhi na mapema, mimi na watoto peke yetu, maana wazazi wao walikuwa kazini. Na kwa muda upatao saa moja na nusu tukafika Paris.

Lakini nalikuwa na neno moyoni. Mwaka uliotangulia mama yangu, yaani bibi yao, alifariki kwetu Lushoto. Watoto waliletwa mazikoni, na tangu siku ile binti yule hakumtaja bibi yake hata mara moja. Mtu akimtaja, yeye huondoka akaenda zake chumbani. Kaka yangu aliniambia, "Dada, huenda wewe atakufungulia moyo." Nami nalikuwa nimekaa naye majuma mawili, nisisikie neno.

Nyumba tuliyoiendea huitwa Atelier des Lumières, maana yake Karakana ya Nuru, nayo iko katika mtaa wa Rue Saint-Maur. Zamani ilikuwa kiwanda cha kusubu chuma. Kilianzishwa mwaka 1835, kikafanya vyuma vya merikebu na vya reli, hata mwaka 1929 kazi ikakoma. Mwaka 2018 jengo likafunguliwa tena kwa kazi hii mpya. Bomba la moshi la matofali lilikuwa lingali limesimama ndani, nami nikawaambia watoto, "Tukipotezana, tukutane hapa."

Sasa nieleze jinsi kazi yenyewe ilivyo. Ukumbi ni wa giza, na kuta zake huinuka kadiri ya meta 10. Huko juu zimefungwa projekta 140, nazo zinaongozwa na kompyuta. Kila moja hurusha kipande chake cha picha, na vipande huunganishwa kwa uangalifu hata jicho lisione mshono. Hivyo picha hufunika kuta na sakafu pia, eneo la meta za mraba 3,300, huku muziki ukisikika pande zote. Mtu hatazami picha kwa mbali kama ilivyo desturi. Amesimama ndani yake, na maua yanapita juu ya viatu vyake.

Mwaka ule zilionyeshwa picha za Vincent van Gogh, zilizopangwa na Gianfranco Iannuzzi pamoja na wenzake. Tulipokuwa tukingoja mlangoni niliwasimulia watoto habari zake. Alizaliwa Uholanzi mwaka 1853, mwana wa mchungaji. Naye mwenyewe alipokuwa kijana alihubiri kati ya wachimba makaa wa Borinage, huko huko Ubelgiji wanakokaa watoto hawa. Aligawa nguo zake, akalala mahali duni kama wao, hata wakubwa wake wakaona amepita kiasi, wasimwongezee muda wa kazi. Ndipo akashika uchoraji. Alichora kwa miaka kama 10 tu, akafariki mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 37, naye ameacha picha za rangi ya mafuta zaidi ya 800.

Basi tukaingia. Ukuta ukawa shamba la ngano, mara ukawa bahari, mara ukawa usiku wenye nyota zinazozunguka. Mvulana alipiga makofi kwa furaha. Nami, nikiwa nimeinua macho kama mtoto, sikujua mkono wa binti ulivyoniponyoka. Nilipotazama chini, hayupo.

Wasomaji mlio wazazi mnajua hofu hiyo. Nilikwenda kwenye bomba la moshi, nisimwone. Nikazunguka gizani nikiita jina lake, lakini muziki ukaimeza sauti yangu. Kila mtoto niliyemshika bega alikuwa wa mtu mwingine. Hatimaye kaka yake ndiye aliyemwona, ameketi sakafuni katika pembe ya mbali, ametulia kabisa, anautazama ukuta.

Nilitaka kumkemea. Nikasema, "Mwanangu, kwa nini hukuja pale tulipoagana?"

Akajibu, "Shangazi, nangoja irudi."

"Irudi nini?"

"Meza ya Bibi."

Sikufahamu maana yake, lakini nikaketi, na mvulana akaketi, tukangoja pamoja. Onyesho lile huchukua muda wa nusu saa hivi, kisha huanza tena. Ikaja picha ya mwaka 1885, nayo yaitwa Wala Viazi: wakulima watano wameizunguka meza katika nyumba ya giza, chini ya taa moja, wanakula viazi vya moto kwa mikono iliyovichimba. Binti akanyosha kidole, akasema, "Ile ni koroboi ya Bibi. Alinimenyea viazi, kwa sababu vilikuwa vinaniunguza." Akaanza kulia, akasema mengi, ya Bibi na ya mbuzi wake na ya siku ya maziko. Watu walikuwa wakipita kando yetu, wala sikumkataza.

Siku ya pili niliwapeleka Musée d'Orsay, jumba lililofunguliwa mwaka 1900 kuwa stesheni ya reli, likageuzwa kuwa jumba la sanaa mwaka 1986. Humo mna picha halisi ya Van Gogh ya usiku wa nyota juu ya mto Rhône, ya mwaka 1888. Haifiki hata meta moja kwa upana. Mvulana akanung'unika, "Ndogo hivi?" Nikamwambia aitazame kwa upande. Akaona rangi ilivyolundikana, na kila nyota alama ya brashi ya mtu. Akakaa kimya muda mrefu kuliko alivyokaa katika ukumbi wa nuru.

Kwa hiyo jibu langu kwa walimu na wazazi ni hili: wapelekeni, lakini kwanza wasimulieni habari za mchoraji, kisha wapelekeni waione kazi ya mkono wake. Picha za ukutani ni nuru tu. Taa zikizimwa hakuna kitu. Hata hivyo zaweza kumfungulia mtoto mlango ambao sisi wakubwa tumeugonga bila kufunguliwa. Na zaidi ya yote, mshikeni mkono, wala msiinue macho nyote kwa pamoja.

Binti aliniuliza picha ya meza iko wapi. Nikamwambia iko Amsterdam, katika jumba la Van Gogh, nikamwahidi kwamba baba yake atampeleka. Mwaka 2020 ugonjwa ukazuia safari, hata mwaka 2022 wakaenda. Aliniandikia barua kwa Kiswahili, mkono wake mwenyewe: "Shangazi, ni ndogo kuliko ile ya ukutani. Lakini nimesimama karibu, na hakuna aliyeiondoa."